Mbegu ya kome hainunuliwi dukani

Nikimwambia mtu kwamba nafanya kazi kwenye shamba la kome, swali la kwanza huwa la mdomoni: wana ladha gani, wanashibisha, wanapikwa na nazi? La pili ndilo linalonifurahisha, na huulizwa na wale waliowahi kushika jembe au kamba: mbegu mnaitoa wapi? Mwenye mahindi anakwenda dukani, mwenye kuku anaagiza vifaranga, na mama zetu wa mwani wanakata vipande vya mwani wa juzi wanavifunga tena kwenye kamba kwa taitai. Sisi huku Prince Edward Island, kisiwa cha mashariki ya Kanada kinachotoa kiasi cha asilimia 80 ya kome wa kufugwa wa nchi hii, hatununui na hatukati. Tunatundika kamba majini, na kome wachanga wanaoelea baharini wanakuja wenyewe kujishika. Wasipokuja, vuli hiyo hakuna cha kupanda, na baada ya mwaka mmoja au miwili hakuna cha kuuza.

Watu wakisikia hivyo husema basi kazi rahisi hiyo, bahari inawafanyia. Inatufanyia, ndiyo, ila kwa ratiba yake. Nimekuwa botini misimu kadhaa sasa, na karibu kila nilichojifunza kinahusu ratiba hiyo: maji yana joto gani, upepo umetokea wapi, mvua imenyesha kiasi gani, na nani mwingine anaitaka ile kamba uliyoitundika.

Mimi ni mtu wa Jambiani, Unguja. Nimekulia kwenye mwani, nyuma ya mama yangu na mama wadogo, na saa yetu ilikuwa mwezi. Bamvua ikifika tunashuka, maji mafu tunakaa nyumbani. Pale kwetu maji kujaa na kupwa hutofautiana hadi mita 4 bamvua ikiwa kubwa. Huku, pwani ya kaskazini ya kisiwa, tofauti hiyo ni kama mita moja tu, na kuanzia Januari hivi ghuba zinaganda mpaka watu wanapita juu yake na vyombo vya moto. Kalenda yangu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu ikakosa kazi. Nilianzia kiwandani, kwenye mstari wa kuchambua na kufungasha, kisha nikahamia botini, na huko nikapata mwalimu: mzee mmoja mzaliwa wa hapa, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa kamba-koche. Huku wote wanaitana majina, mkubwa kwa mdogo, na ulimi wangu ukakataa. Nikamwita Mzee, akauliza maana yake, akaipenda, sasa na wenzetu wote botini wanamwita hivyo.

Nilipomuuliza mara ya kwanza kamba za mbegu tunatundika tarehe ngapi, Mzee alinijibu: "Tarehe ni ya benki. Hapa tunaangalia kipimajoto."

Barafu huondoka kwenye ghuba karibu na Aprili. Kome wakubwa wakati huo wamejaa. Ukimpasua jike utakuta nyama yake ina rangi ya machungwa, dume ni nyeupe iliyofifia. Maji yakianza kupanda na kupita nyuzi 10 hivi, na ile mimea midogo isiyoonekana kwa macho ikiwa imeshamiri majini kwa ajili ya chakula, wanaanza kuachia mbegu za uzazi. Jike mmoja hutoa mayai kwa mamilioni. Mara nyingi hii hutokea mwishoni mwa Mei na ndani ya Juni, lakini kuna masika ya baridi ambayo mambo yote husogea mbele, na kuna miaka ambayo joto linapanda, linarudi, linapanda tena. Miaka ya namna hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Joto likipanda kwa mfululizo, kome wa ghuba nzima wanaachia karibu kwa wakati mmoja na mbegu inakuja kwa mkupuo, kamba inajaa vikome vya saizi moja. Joto likiyumba, wanaachia kidogo kidogo, na Oktoba unakuta kamba moja ina kome wa milimita 25 na wengine wa milimita 5 wamejichomeka katikati yao. Kuwatenganisha hao ni kazi ya mgongo, na wale wadogo wengi hupotea kwenye mashine.

Baada ya hapo mtoto wa kome haishi kwenye gamba la mama yake wala kwenye jiwe. Anaelea. Kwa wiki tatu mpaka nne hivi anazurura ghubani na planktoni wengine, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na maji ya baridi humrefushia safari hiyo. Kila siku anayoelea ni siku ya kuliwa na samaki wadogo, au ya kuvutwa na mkondo akatoka mdomoni mwa ghuba kwenda bahari kuu, ambako kamba zetu hazipo. Kwa hiyo Juni yenye maji ya baridi inaleta hasara mara mbili: wanachelewa kuachia, kisha wanachelewa kukua.

Sasa utajuaje kwamba wamefika, ilhali hawaonekani? Kila wiki msimu ukikaribia tunakokota wavu wa planktoni. Ni mfuko mrefu wa kitambaa chenye matundu madogo kuliko punje ya mchanga, mdomo mpana, na kikombe mwishoni. Boti inakwenda polepole, unakokota, unapandisha, unasuuza, na kikombe kinatoka na maji ya rangi ya chai hafifu. Idara ya uvuvi ya jimbo nayo ina mpango wake wa kupima ghuba mbalimbali na kuwapa wafugaji matokeo: lava, yaani hao watoto wanaoelea, ni wangapi, wa ukubwa gani, maji nyuzi ngapi. Lakini Mzee anapenda kuona mwenyewe, na ndivyo nilivyokaa mbele ya hadubini kwa mara ya kwanza tangu nimalize skuli.

Nitakueleza kilichoko mle, maana watu wachache wamebahatika kukiona. Kwanza ni vurugu: vidudu vyenye mikia, vijiti vya kijani, mayai ya hiki na kile. Kisha jicho likizoea unaanza kuwaona wenyewe. Lava wa kome wa siku za mwanzo ana gamba lenye umbo la herufi D kabisa, mstari ulionyooka upande mmoja. Siku zinavyokwenda mstari ule unavimba, unakuwa nundu, na gamba zima linaviringika. Anazunguka zunguka kwa vinyweleo vyake, hatulii, unamfuata kwa jicho. Akikaribia robo ya milimita, yaani mikroni 250, linatokea doa jeusi mwilini mwake, nalo ni jicho, kisha unaona kitu kinachomoza kati ya magamba na kurudi, kinachomoza na kurudi. Ni mguu. Siku niliyouona mguu ule nilimwita Mzee kwa sauti mpaka watu wa ofisini wakatoka. Yeye aliinama, akaangalia, akasema: "Huyo anatafuta nyumba. Kesho kutwa kamba ziwe majini."

Lava mwenye doa na mguu hana siku nyingi za kuchagua. Akigusa kitu chenye nyuzinyuzi anatambaa juu yake, anapima, na akiridhika anatoa nyuzi zake na kujifunga. Ndiyo maana kamba za kukusanyia mbegu si kamba laini. Ni za plastiki, zimechanuliwa zikawa na manyoya, kwa sababu mtoto wa kome anapenda kujificha kwenye manyoya kuliko kukaa peupe. Tena hata akishajifunga hajafika. Akiwa bado mdogo, chini ya milimita mbili hivi, anaweza kuachia, akatoa uzi mwembamba mrefu unaoshikwa na mkondo, akasafiri tena kwenda kutua pengine. Hili ndilo lililonifumbua macho kuhusu kamba ambazo wiki moja zina ukungu mweusi wa mbegu na wiki nyingine zimekonda bila dalili ya mlaji yeyote. Hawakufa. Wamehama.

Kutundika ndipo penye ugomvi wa wafugaji. Ukiwahi mno, kamba inakaa majini bila mgeni. Ute mwembamba wa siku chache hauna neno, hata inasemekana unawavutia lava, lakini wiki zikipita manyoya yanajaa majani, matope na wadudu wengine, na lava anayekuja anakuta pameshakaliwa. Ukichelewa, wimbi kubwa la lava limepita. Nimewaona jirani wawili kwenye ghuba moja, mmoja katundika Juni kabla ya majibu ya maji kutoka kwa sababu boti yake ilikuwa na nafasi wiki ile, mwingine kangoja mpaka sampuli zikaonyesha wengi wamefika mikroni 250. Tofauti ya kamba zao Oktoba ilionekana ukiwa bado mbali na boti. Boti kuwa na nafasi si sababu ya kutundika kamba, ingawa naelewa: Mei na Juni hapa ni msimu wa kamba-koche, na nusu ya wenye boti wana kazi mbili.

Upepo nao una neno lake. Ghuba za hapa hazina kina, nyingi hazifiki mita 10, na upepo ukivuma siku tatu kutoka upande mmoja unasukuma maji ya juu na kila kinachoelea ndani yake. Nilitoka kwetu nikijua kusi na kaskazi, pepo zinazokaa miezi, mtu anazipangia safari na harusi. Hapa upepo unageuka ndani ya siku moja. Lakini kwa msimu mzima una upande unaoupenda, na kila ghuba ina kona zake ambako maji huzunguka na kukawia kabla ya kutoka. Huko ndiko mbegu inakojikusanya. Hakuna ramani ya kona hizo dukani. Wazee wanazijua kwa kutundika kamba miaka mingi, na wasipokuambia utatumia miaka yako kuzitafuta. Mzee alinionyesha moja, nyuma ya ncha ya nchi kavu yenye miti ya misonobari, akaniambia hata mashamba ya ghuba nyingine huja kununua mbegu iliyotoka pale.

Kina cha maji pia. Juu kabisa, mvua kubwa ikinyesha, maji ya mto yanatandaza tabaka lenye chumvi kidogo na lava wanalikimbia kwa kushuka chini. Kisiwa hiki ni cha viazi, udongo wake mwekundu kama wa Pemba, na baada ya mvua ya kishindo midomo ya mito inageuka rangi. Udongo ule ukitua kwenye manyoya ya kamba unaziba. Mbolea inayotiririka nao ina mambo yake: vichwani mwa mito, Julai na Agosti, majani ya bahari yanaota kwa fujo, yanakufa, yanaoza, na maji yanakosa hewa mpaka yanabadilika rangi na kunuka. Hakuna mtu mwenye akili anayetundika kamba za mbegu karibu na huko. Chini kabisa nako hakufai, kuna matope na kuna viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Kwa hiyo unabaki na ukanda wa katikati, na kuupata inabidi kamba ndefu inayobeba zile za mbegu ichezewe kwa boya na vizito: mbegu ikikua uzito unaongezeka, kamba inazama, unaongeza boya, inapanda mno, unapunguza. Kiangazi chote ni hivyo.

Viti vya pweza ndio waliobadilisha jinsi ninavyoitazama bahari. Kwetu nilikuwa nawaokota nikawaweka juu ya jiwe kumwonyesha mdogo wangu, viumbe vya urembo. Huku ni maadui. Nao wana lava wanaoelea, nao wanatafuta pa kutua, na manyoya ya kamba yanawafaa vile vile. Wanatua ukubwa wao haufikii kichwa cha kiberiti, katikati ya vikome ambavyo navyo ni vidogo, na kuanzia hapo wanakula na kukua pamoja na chakula chao. Niliwahi kufungua kichane kimoja cha kamba ya mbegu mwezi wa Septemba nikakuta kiti cha pweza mdogo, mweupe unaoelekea zambarau, amemkumbatia kome mmoja, na pembeni yake magamba matupu yamefunguka wazi, safi, hayana hata mkwaruzo. Hakuvunja kitu. Alivuta kidogo kidogo mpaka kome akachoka. Ndiyo sababu kwenye hadubini hatuhesabu kome peke yao, tunahesabu na lava wa viti vya pweza. Wakiwa wengi, kamba zitapitishwa baadaye kwenye maji ya chokaa: kome anafunga magamba yake na kungoja yapite, kiti cha pweza hana cha kufunga. Kazi ya chokaa siipendi. Inachoma macho, inapenya glavu, na usiku mikono inawasha. Lakini ukiiacha, unapanda soksi za wavu zilizojaa magamba matupu.

Kuna wageni wengine ambao kisiwa hakikuwa nao zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alionekana mmoja katika mto Brudenell, mwenye umbo la rungu na ngozi ngumu. Mwaka 2004 akaja mwingine katika mto Montague, laini, wa kama ute, anayejaa maji na kuning'inia kwa mashada. Watu wa sayansi wanawaita tunikati. Hawamli kome. Wanakaa juu yake, wanakula chakula kile kile anachochuja yeye, na uzito wao unaivuta kamba hadi kome wanachomoka wote pamoja nao. Wa pili yule ni balaa kwa kasi yake. Kiangazi kikiwa na joto anazaa kizazi juu ya kizazi, na njia ya kumpunguza ni kupandisha kamba na kuzipiga kwa maji ya kasi, tena na tena. Kwa ajili yao, mbegu haihamishwi ovyo kutoka ghuba hii kwenda ile. Unahitaji kibali, na ghuba yenye mgeni fulani haipeleki mbegu kwa ghuba safi. Tangu Julai 2024, ulipogunduliwa ugonjwa wa chaza uitwao MSX kwenye ghuba ya Bedeque, ambao hauwadhuru walaji lakini unaua chaza wenyewe, kila mtu anaongea kuhusu vibali kuliko kuhusu bei.

Agosti inakuja na shida ambayo mtu wa Jambiani anaijua bila kufundishwa. Kome wa buluu ni kiumbe cha maji ya baridi. Ghuba hizi zisizo na kina zikifika nyuzi 25 anaacha kula vizuri, nyuzi zake za kujishikia zinalegea, na shada zito la mbegu linaachia kamba lote kwa mpigo, linakwenda chini kwa wale wanaolingoja. Unapandisha kamba iliyokuwa nene wiki iliyopita, inatoka na mabaka matupu. Mwani wa cottonii nao ulituondokea namna hiyo hiyo kwenye maji ya moto ya lagoni; mama alihamia spinosum, mwani wa bei ya chini lakini mvumilivu. Huku hatuna spinosum yetu. Tunachoweza ni kushusha kamba kwenye maji ya chini yenye ubaridi kidogo, bila kufika kwenye viti vya pweza, na kuacha nafasi kati ya kamba na kamba ili maji yapite. Wako wanaosema dawa ni kuzalisha mbegu kwenye matangi, nchi kavu. Huenda. Mimi nikipiga hesabu ya umeme, ya kulisha lava kwa mwani wa chupa na ya mishahara, sioni jinsi itakavyoshindana na mbegu inayokuja bure, ilmradi iendelee kuja. New Zealand nao, na viwanda vyao vikubwa, zaidi ya nusu ya mbegu yao ilitegemea kwa miaka mingi majani ya bahari yanayotupwa ufukweni na mawimbi huko Ninety Mile Beach, kome wachanga wakiwa wamejibandika juu yake. Upepo ukikataa kuleta majani, magari yanarudi matupu.

Kimbunga Fiona kilitufikia usiku wa kuamkia tarehe 24 Septemba 2022. Septemba ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa dhoruba, kwa sababu mbegu imeshakuwa nzito na bado haijavunwa. Tulikuwa na taarifa siku kadhaa kabla, na mjadala botini ulikuwa mmoja: tuzishushe kamba au tuziache? Ukiziacha karibu na uso wa maji, mawimbi yatazipura. Ukizishusha, zitagusa chini na viti vya pweza watapanda. Tulishusha sehemu kubwa, muda haukutosha kwa zote. Umeme ulikatika karibu kisiwa kizima na sehemu nyingine ulirudi baada ya wiki mbili na zaidi. Tulipofika ghubani maboya yalikuwa yamerundikana pwani kwa rangi zote, za kwetu na za jirani, na kamba zimesokotana mpaka ikabidi zikatwe kwa kisu. Zilizobaki juu zilitoka na manyoya tu. Zilizoshushwa zilikuwa na mbegu, na viti vya pweza, kama tulivyotarajia, na tukatumia chokaa mpaka Novemba.

Mwaka huo ndipo nilipoelewa kwa nini wafugaji wenye umri hawatundiki mbegu yao yote mahali pamoja, hata kama kona ile ya misonobari inazaa kupita zote. Wanaweka nyingine ghuba ya pili, nyingine mlangoni penye mawimbi kiasi, ambako kamba hazijai sana lakini kome wake wanajifunga kwa nyuzi nyingi na hawadondoki kirahisi. Katika mwaka mzuri inaonekana ni uzembe wa kupoteza mafuta ya boti.

Oktoba ndiyo mavuno ya mbegu. Tunapandisha kamba, tunapukusa kwa mashine, vikome vinapita kwenye chujio kwa saizi, halafu vinaingizwa kwenye soksi za wavu na kutundikwa upya. Baada ya siku chache wanatambaa kutoka ndani ya soksi na kujishika nje yake. Bata wa mbizi wanaohama kuelekea kusini wanaujua msimu huu sawasawa na sisi, na gamba la kome mchanga ni jembamba, linamezwa zima. Mwenyewe nimeacha kuwachukia. Ni ndege wazuri na safari yao ni ndefu. Msimamizi wetu hana huruma hiyo.

Mama yangu mdogo mmoja ameolewa Bweleo, upande wa ghuba ya Menai, ambako wanawake wa huko na wa Fumba wamekuwa wakifuga chaza wa lulu tangu miaka ya 2000. Shida yao kubwa ni ile ile: makinda. Kuokota chaza wakubwa wa porini ni kumaliza wazazi, kwa hiyo wamejaribu nao kutundika vitu vya kuwavutia wachanga. Tukiongea kwa simu ananihoji kama hakimu. "Shikamoo mamdogo." "Marahaba mwanangu, enhe, hiyo kamba mnaichanua kwa nini?" Nilimwambia asiige miezi yetu, kwa sababu kwao hakuna barafu inayowapangia chaza wote waachie pamoja, na maji yao yana joto mwaka mzima, pengine mvua za masika na kubadilika kwa pepo ndiyo saa yao. Nikamshauri wafunge vipande vifupi vya kamba, kipya kila wiki mbili, vya zamani wavitoe na kuvichunguza juu ya sahani nyeupe, wahesabu wachanga wa chaza na wahesabu na wasiotakiwa, waandike joto la maji na upepo wa wiki hiyo, na wafanye hivyo mwaka mzima katika sehemu tatu nne za ghuba kabla ya kutumia pesa kwenye kamba nyingi.

Alinyamaza akipiga hesabu. Kisha akasema, "Kuandika tutaandika, yupo mtoto wa Mwanaisha kamaliza fomu foo, anakaa tu. Kipimajoto na kamba nani ananunua?"

Kipimajoto nimempa mtu anayesafiri Disemba. Kamba nimemwambia atafute za zamani za mwani, azichanue.